Je, Wajua? Debe la Mahindi Lilianza Kama Kopo la Mafuta ya Taa

Ukipita Malangali au mtaa mwingine wa Sumbawanga wakati wa mavuno, bei ya mahindi utaisikia kwa debe kabla ya kuisikia kwa kilo. Debe halikubuniwa na serikali. Lilikuwa bati la mafuta ya taa yaliyoletwa kwa meli enzi za ukoloni, lenye ujazo wa galoni 4 za Kiingereza, yaani lita 18 na kidogo. Mafuta yakiisha, bati halikutupwa: lilichotewa maji, likapimiwa nafaka, hata likakunjuliwa kuezekea nyumba. Mdogo wake, sado, naye ni kopo mstaafu, la rangi ya Sadolin, lita 4.

Kasoro ni kwamba debe hupima ujazo, si uzito, na hapo ndipo ujanja unapoingia. Mnunuzi hujaza mpaka juu kitokee kichuguu, hulitikisa, punje zikashikana, kisha huongeza mikono miwili mingine. Bei bado ni ya debe moja! Lumbesa ni ujanja uleule kwa gunia: linashonewa kofia juu ili limeze zaidi.

Kisheria, gunia la mazao halipaswi kuzidi kilo 100, na msimamizi ni Wakala wa Vipimo. Kwa hiyo mkulima, kabla hujakubali kichuguu, dai mzani wenye stika ya Wakala. Hata Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, hununua mahindi kwa kilo.