Vinundu vya Maharage Si Ugonjwa

Wakati mmoja wa masika nilipita shambani kwa mama mmoja hapa Gare. Nilimkuta anang'oa maharage yaliyoanza kutoa maua. Mistari miwili ilikuwa imekwisha.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, Bwana Shamba. Njoo uone, maharage yangu yana majipu!"

Alinionyesha mizizi. Ilikuwa na vinundu vingi, vidogo kama punje za mtama. Nilipasua kimoja kwa ukucha. Ndani kilikuwa chekundu kama nyama mbichi.

"Si unaona? Damu hiyo!"

"Mama, acha kung'oa," nikamwambia. "Hiyo ndiyo mbolea yako."

Ndugu msomaji, labda nawe umeviona vinundu hivyo. Ili tuvielewe, tuanze na mmea wenyewe. Mmea umejengwa kwa vyumba vidogo sana. Kila chumba kinaitwa seli. Hatuwezi kuiona kwa macho matupu, mpaka tutumie hadubini. Mwaka 1665 Mwingereza Robert Hooke alitazama kipande cha gome la mti kwa hadubini, akaviona vyumba hivyo. Mwili wako pia ni seli, na wa mbuzi wako vilevile. Seli hai hula, hupumua, na hujigawa zikawa mbili. Ndivyo mmea unavyokua.

Bakteria yeye ni seli moja tu, basi. Wako bakteria wa magonjwa, lakini wengi hawatudhuru. Bakteria wa vinundu huishi udongoni. Maharage yakiota, wao huingia kwenye vinyweleo vya mizizi. Mzizi hauugui. Seli zake hujigawa na kuwajengea wageni nyumba. Nyumba hiyo ndiyo kinundu.

Wageni hawa hufanya kazi gani? Katika kila sehemu 100 za hewa, karibu 78 ni naitrojeni. Mimea huihitaji sana. Lakini mahindi husimama katikati ya hewa hiyo huku majani yake ni ya njano kwa njaa, maana hayawezi kuitumia ikiwa hewa. Bakteria wa vinundu huigeuza ikawa chakula cha mmea. Maharage nayo huwalipa sukari, ambayo majani huitengeneza kwa mwanga wa jua. Ule wekundu si damu, ingawa unafanana na rangi ya damu yetu. Kazi yake ni kuwagawia bakteria oksijeni kwa kiasi, kwa sababu ikizidi kazi yao huharibika.

Elimu ya jinsi viumbe wanavyotegemeana inaitwa ekolojia. Jina ni kubwa, lakini wazee waliochanganya mahindi na maharage waliifanya kabla jina halijafika kwetu.

Ukitaka kukagua shamba lako, ngoja maua. Chimba shina moja kwa jembe. Usilivute, maana vinundu vitabaki udongoni. Pasua vichache. Vikiwa vyekundu, kazi inaendelea. Vikiwa vyeupe au vya kijani, kazi haijaanza au imekwisha. Lakini angalia: uko uvimbe mwingine unaoletwa na minyoo fundo. Huo ni mzizi wenyewe uliovimba, haubanduki. Kinundu kizuri hukaa ubavuni mwa mzizi na hubanduka kwa kidole. Ukiona uvimbe wa minyoo, mwite bwana shamba.

Sitaki kukudanganya. Naitrojeni nyingi huingia kwenye punje, nazo tunazila au tunaziuza. Kwa hiyo samadi bado inatakiwa. Mabaki ya maharage yarudishe shambani, usiyachome. Tena bakteria hawa hukaa kwenye udongo wa juu. Mvua ikiuchukua mteremkoni, nao huenda mtoni. Mradi wa SECAP, ulioanza hapa Lushoto mwaka 1981, ulihimiza kupanda majani ya Guatemala kukingama mteremko ili kuuzuia udongo huo.

Yule mama aliiacha mistari iliyobaki. Maharage aliyokwisha kung'oa aliwapa mbuzi, huku ananung'unika. Mjukuu wake alikaa kwenye tuta, anapasua vinundu na kuhesabu vyekundu.