Motoka ya mazutu inapoteza nguvu: tusikimbilie kufungua pompi

Leo tunazungumza juu ya ugonjwa moja unaosumbua nyumba mingi. Motoka ya mazutu, ya zamani, inatoka vizuri asubuhi. Inabeba watu, inabeba mifuko ya unga na ya makala, haina neno. Halafu ku kilima, ghafula, nguvu inaisha. Unakanyaga, haisikii. Unasimama dakika kumi, unawasha tena, inakwenda kama hakuna kitu kilichotokea. Na ukiifikisha ku garaji, inakataa kuonyesha ugonjwa wake mbele ya fundi.

Huu si ugonjwa wa kucheka. Juu ya barabara kubwa, kati ya Likasi na Kolwezi, kamio za shaba na kobalti zinapita usiku na muchana. Mutu akiwa katikati ya kupita kamio, na nguvu ikakatika, yeye na watu aliobeba wako mu hatari ya kufa. Tena kuna hatari ya mufuko. Fundi anasikiliza kidogo, anasema: "Pompi ya enjeksio imekufa." Pompi inatolewa, falanga ya minervali ya watoto inakwenda, na siku ya tatu motoka inasimama ku kilima kilekile.

Shauri letu ni hili: ugonjwa unaokuja na kwenda una saa yake. Tujue kwanza saa hiyo, kisha tufuate njia ya mazutu na njia ya hewa, toka ku tanki mpaka ku motere, tukianza na kile kisichoomba pesa.

Kama kule ku mine

Wenzetu wa kazi ya chini ya udongo wanaelewa jambo hili upesi. Mashine ya kutoboa ikikosa nguvu, hakuna anayeanza kuvunja kompresere. Anafuata tuyo ya hewa kwanza: imekunjwa wapi, imetoboka wapi, kolie gani imelegea. Motoka ya mazutu njo vile vile.

Motere ya mazutu haichomi kwa buji kama ya esansi. Inakamata hewa, inaibana sana, hewa inakuwa na moto mukali, ndipo mazutu inarushwa ndani na kuwaka yenyewe. Basi inaomba vitu viwili tu: hewa safi ya kutosha, na mazutu isiyo na maji wala hewa. Kimoja kikipungua, nguvu inapungua.

Sikiliza saa ya ugonjwa

Tuseme ni Toyota Hilux ao Hiace ya zamani, motere 2L ao 3L, kama zile tunazoziona kila siku ku parkingi.

Nguvu inakwisha kisha kilometa mingi, na inarudi ukifungua bushoni ya tanki? Sikiliza vizuri wakati wa kufungua. Ikivuta hewa kwa nguvu, "fyuuu", tanki haipumui. Mazutu inapotoka, hewa inapaswa kuingia mahali pake. Vumbi letu jekundu likiziba kitundu cha kupumulia, ao mutu akipoteza bushoni na kufunga tanki na mufuko wa plastiki, pompi inavuta mpaka inashindwa. Kusafisha kitundu hakuombi hata falanga moja.

Nguvu inakwisha ku kilima na mizigo, lakini ku tambarare motoka inakwenda polepole bila shida? Filtere ya mazutu imejaa uchafu. Motere ikiomba kidogo, kinachopita kinatosha. Ikiomba mingi, hakitoshi. Filtere ni ya bei ndogo kupita pompi, na inapaswa kubadilishwa hata kama motoka haijalalamika.

Nguvu inarudi kisha kusimama dakika chache, hata bila kufungua bushoni? Tazama ndani ya tanki. Kipande cha kitambaa, kutu ao matope vinavutwa mpaka vinaziba mudomo wa tuyo. Ukisimamisha motere, vinaanguka chini. Ukitembea tena, vinarudi. Tanki ishushwe, isafishwe.

Asubuhi inawaka kwa taabu, kisha inatetemeka na kukosa nguvu mara kwa mara? Fikiri hewa inaingia mu njia ya mazutu. Na hapa watu mingi wanadanganyika. Wanatafuta mahali mazutu inadondoka, hawaoni, wanasema tuyo ni nzima. Lakini mu motoka hizi pompi ya enjeksio yenyewe njo inavuta mazutu toka ku tanki. Kwa hiyo tundu dogo halitoshi kutoa mazutu inje. Linaingiza hewa ndani. Weka kipande cha tuyo ya plastiki inayoonyesha ndani, kati ya filtere na pompi, uwashe motere. Ukiona mapovu yanapita bila kuisha, hewa inaingia. Tazama tuyo za mupira zilizopasuka, kolie zilizolegea, na ile pompi ndogo ya mukono juu ya filtere. Mupira wake unachoka.

Ugonjwa umeanza kisha kununua mazutu? Zaidi wakati wa mvua, maji yanaingia mu bidoni na mu tanki. Maji ni mazito kupita mazutu, yanakaa chini. Weka kopo chini ya filtere, fungua visi ya kutolea maji, tazama kinachotoka. Na mazutu ya Kadhafi wa kando ya barabara, ikichanganywa na petroli ya taa, inaumiza pompi, kwa sababu mazutu ndiyo mafuta inayolainisha vyuma vya pompi. Ile bei ndogo ya bidoni unailipa mbele.

Moshi mweusi na motoka imelemaa? Toa filtere ya hewa, uitazame ku jua. Tazama pia tuyo yake: ikiwa laini sana, inajikunja ndani wakati motere inavuta. Kama motoka ina turbo, tuyo zake zote zikamatwe vizuri.

Kuna tena mambo mawili yanayosahauliwa. Mutu moja akanyage pedale mpaka chini, motere imezimwa, mwengine atazame ku pompi kama mukono wake unafika mwisho. Kabo iliyolegea inaiba nguvu. Na kisha kutembea, karibisha mukono ku magurudumu, bila kugusa chuma. Gurudumu moja likiwa na moto kupita mengine, freni inakamata.

Lakini kama motere inazimika mara moja, kama mutu amekata kontakti, huo ni ugonjwa mwengine. Tazama waya wa elektrovana ya pompi: ukicheza, mazutu inafungwa.

Bidoni inasema kweli

Kama bado kuna mashaka, fundi afanye jaribio la bidoni. Anakamata bidoni safi yenye mazutu safi, anaifunga vizuri mbali na moto wa eshapema, anaingiza ndani yake tuyo ya kuvuta na tuyo ya kurudisha. Hapana kuvuta sigara karibu. Motoka ipande kilima kilekile. Ikipanda vizuri, pompi haina kosa. Ugonjwa uko nyuma, ku tanki ao ku tuyo. Ikikataa, na njia ya hewa ni safi, hapo sasa tuzungumze juu ya pompi na enjektere. Kazi hiyo ni ya fundi mwenye vyombo vyake. Mutu asiweke mukono mbele ya enjektere inayorusha: mazutu ile inatoboa ngozi.

Shofere awe na kaye ndogo mu motoka. Aandike siku, mahali aliponunua mazutu, mizigo, kilima ao tambarare, motere baridi ao moto, moshi wa rangi gani, na kilichorudisha nguvu. Bamama wanaoshika hesabu ya taxi ya nyumba wanaweza kuiomba kila magaribi pamoja na falanga ya siku.

Ukifika ku garaji, usiseme "motoka haina nguvu" tu. Fungua kaye, musome pamoja na fundi, na umwombe vyombo vya zamani vyote anavyotoa. Fundi wa kweli hatakasirika. Na mpaka ugonjwa upatikane, usipite kamio juu ya barabara. Kaa nyuma yake, hata kama vumbi ni mingi.