Skopu imegoma kuwaka? Soma hapa kabla hujaiuza kwa bei ya kutupa

Leo tunaongea na nyie mnaouza vifaa vya umeme vilivyotumika kupitia simu.

Tuseme uko Endasak, umenunua osiloskopu ya dijitali mtandaoni kwa 150,000. Imeshushwa na basi la Babati kwenda Katesh, umeshalipa mzigo. Unachomeka, unabonyeza, haifiki mwisho. Muuzaji ameshazima simu. Mafundi wa simu, redio na bodi za magari wanaitafuta skopu kwa sababu inawaonyesha umeme kama mchoro kwenye kioo. Lakini ikiwa haiwaki, utaambiwa "nipe kwa 30,000 nitoe vipuri."

Usikubali haraka. "Haiwaki" sio ugonjwa mmoja. Angalia kwanza INAISHIA WAPI, maana hapo ndipo bei yake ilipo.

1. Kimya kabisa: hakuna taa, hakuna feni
Anza na vitu vya bei ndogo: waya, soketi, fyuzi. Fyuzi ikiwa imeungua usiweke kubwa zaidi, na usifunge waya badala yake. Weka ya kiwango kile kile. Ikiungua tena papo hapo, kuna shoti ndani ya pawa saplai. Habari njema ni kwamba pawa saplai ni sehemu ambayo fundi mzoefu wa TV anaielewa vizuri.

2. Taa zinawaka, feni inazunguka, kioo cheusi
Zima taa ya chumba, mulika tochi kwa pembeni ya kioo. Ukiona maandishi kwa mbali, skopu imewaka vizuri, ila taa ya nyuma ya kioo ndiyo imekufa. Usipoona kitu, fundi apime volti ndogo zinazokwenda kwenye bodi kuu, kama 5 na 3.3. Sehemu ya 3.3 ikisoma 2.8, prosesa haiwezi kuanza kazi.

3. Inawaka, inazima, inawaka tena
Hapa mshukiwa wa kwanza ni kapasita zilizochoka. Nyingine zinavimba kichwani au kuvuja, nyingine zinaonekana nzima kabisa. Multimita inaweza kukusomea 5 kamili huku umeme unatikisika kwa ndani, kwa hiyo usiiamini peke yake. Kapasita mpya iwe na ujazo ule ule, volti sawa au zaidi, na iwe ya kuvumilia joto la nyuzi 105.

4. Inaishia kwenye nembo
Chomoa nyaya zote za kupimia na fleshi, kisha bonyeza kila kitufe uone kama kuna kilichonasa. Kitufe kilichoganda kinaweza kuzuia skopu isimalize kuwaka. Kama vyote viko sawa, huenda programu yake imeharibika. Chukua programu kwa mtengenezaji mwenyewe, ya modeli ile ile na toleo lile lile la bodi, na fuata maelekezo yake. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, skopu inaweza kufa moja kwa moja, kwa hiyo siku umeme unayumba acha. Na fundi asifute memori yote: ndani yake kuna vipimo vya usahihi vya skopu hiyo hiyo moja, na vya skopu nyingine havifai.

TAHADHARI, HII SIO YA KURUKA
Umeme wa ukutani ni volti 230, lakini ndani ya pawa saplai kapasita kubwa inahifadhi karibu volti 325. Inabaki na umeme hata baada ya kuchomoa waya. Wewe muuzaji usifungue. Fundi achomoe, asubiri, apime kwanza ndipo aguse. Kuipiga shoti kwa bisibisi sio ufundi. Na pini ya tatu ya plagi, ile ya ethi, isikatwe. Mkiwa mnatumia sola, msiijaribu kwa inveta ya bei rahisi, maana umeme wake sio laini na mnaweza kudhani skopu ndiyo mbovu.

Sasa turudi kwenye hela. Kabla fundi hajashika bisibisi, weka kikomo. Mfano: umenunua 150,000, usafiri 10,000, na unaamini ikipona itauzwa 300,000. Ukipanga faida isipungue 60,000, basi fundi na vipuri visizidi 80,000. Vikizidi hapo, uza kama ilivyo. Tatizo namba 1 na 3 mara nyingi ni la vipuri vya bei ndogo. Prosesa ikiwa imekufa, hapo kubali yaishe.

Ikipona, usikimbilie kupiga picha. Iache iwake nusu saa, endesha ile kazi ya kujisahihisha iliyoko kwenye menyu yake, kisha unganisha waya wa kupimia kwenye kile kipini cha majaribio kilichoko mbele. Skopu nyingi hapo zinatoa wimbi la mraba la mara 1,000 kwa sekunde. Likionekana la mraba vizuri, jaribu kila chaneli. Zima, iache ipoe, washa tena. Hitilafu nyingi za kapasita zinajitokeza kifaa kikiwa baridi.

Tangazo lako liwe hivi: "Skopu ya chaneli 2. Ilikuwa inawaka na kuzima, imebadilishwa kapasita 3. Chaneli zote zimejaribiwa." Weka na video isiyokatwa, kuanzia kubonyeza swichi mpaka wimbi linaonekana. Kama haijapona, sema ukweli pia: "Inaishia kwenye nembo, pawa saplai imepimwa iko sawa, inauzwa kama ilivyo." Fundi akisoma hivyo anajua ananunua nini, na atakupa zaidi ya ile 30,000. Ukimficha, atakachopoteza ni hela ya siku moja, ila wewe utapoteza mteja na wenzake wote kwenye grupu lao.

Una kifaa kimegoma? Andika hapo chini kinaishia wapi, tusaidiane. Mtumie na mwenzako anayeuza vifaa vilivyotumika.