Je, Wajua? Mfalme Aliye Ndani ya Mkebe wa Kimbo

Mnamo Januari 2020 mnunuzi mmoja alilipa pauni milioni moja za Uingereza kwa sarafu moja ya dhahabu ambayo ingefichika katika ngumi ya mtoto. Ilikuwa na sura ya Edward wa Nane, mfalme aliyetawala Uingereza na makoloni yake kwa siku 326 tu. Alirithi kiti tarehe 20 Januari 1936, akakiacha tarehe 11 Desemba mwaka uo huo ili amwoe Wallis Simpson, Mmarekani aliyekwisha kuachika. Taji hakuvishwa. Sarafu za dhahabu zilizofuliwa kwa majaribio hazikupata kufika sokoni, na zilizosalia ni chache mno.

Mfalme huyohuyo huenda yupo Kedowa, tena kwa bei ya kutupa.

Kedowa ni kituo cha soko katika kaunti ya Kericho, kwenye barabara ishukayo kutoka Mau Summit kwenda Kericho, na pia ni stesheni ya reli ya Kisumu, katikati ya Londiani na Kipkelion. Ni nchi ya chai, viazi, kabichi na maziwa. Katika nyumba za wazee wa sehemu hizi mara nyingi pana mkebe wa Kimbo uliokwisha mafuta zamani, sasa ukihifadhi vifungo, sindano, funguo za kufuli zisizojulikana ziliko, na senti za tundu. Mtu akiokota humo peni, yaani ile sarafu kubwa ya shaba ya senti kumi, akaona imeandikwa 1936, na aipeleke dirishani penye mwanga. Pembeni anaweza kusoma jina kwa Kilatini: EDWARDVS VIII. Peni kama hiyo, ikiwa imechakaa kwa kupita mikono mingi, huuzwa kwa wakusanyaji kwa dola moja au mbili za Marekani.

Mbona tofauti ni kubwa hivyo? Jibu limo kwenye tundu. Sarafu yenye sura ya mfalme huchukua muda: msanii amchore, mfalme aidhinishe, muhuri uchongwe, ujaribiwe, urekebishwe. Edward aliongeza ugumu wake mwenyewe. Desturi ilitaka kila mfalme aangalie upande ulio kinyume na aliyemtangulia, na kwa kuwa baba yake aliangalia kushoto, yeye alipaswa kuangalia kulia. Akakataa. Aliuona upande wake wa kushoto kuwa ndio mzuri. Wakati mambo hayo yakishughulikiwa London, mwaka ulikwisha, na mfalme naye akawa amekwenda zake.

Senti za Afrika Mashariki hazikuhitaji sura ya mtu. Katikati, pale ambapo pua ya mfalme ingekaa, palikuwa na tundu. Juu ya tundu waliweka taji, kuzunguka ukingo wakaandika jina na thamani, na upande wa pili wakachora pembe za ndovu zikilizingira tundu. Kubadilisha mfalme kulikuwa kubadilisha herufi chache tu. Hivyo ndururu (senti tano) na peni za Edward zilifuliwa kwa mamilioni mwaka 1936 zikaingia sokoni kama kawaida. Nje ya Afrika Mashariki, sarafu za kutumika zenye jina lake zilitolewa pia Afrika Magharibi ya Waingereza, Fiji na New Guinea, nazo zote zina tundu. Shilingi na sumuni (senti hamsini), ambazo zilikuwa na sura, hazikupata kutolewa kwa jina lake. (Kenya yenyewe aliijua: mwaka 1928, akiwa bado mwana wa mfalme, alikuja kuwinda.)

Mkusanyaji wa Kedowa, Muscat au Toronto huyapata mambo haya katika kitabu cha aina moja: kile kinene chenye picha ndogondogo za vitu vya kale, tarehe, namba na bei. Kwa upande wa sarafu, kilicho maarufu kuliko vyote kilitoka katika kijiji kinachoitwa Iola, jimbo la Wisconsin, Marekani, katikati ya wafugaji wa ng'ombe wa maziwa. Aliyekianzisha, Chester Krause, alikuwa fundi seremala. Akiwa mkusanyaji wa sarafu aliyeishi mbali na miji mikubwa, aliona shida ya watu kama yeye kupata mahali pa kununua na kubadilishana, basi mwaka 1952 akaanzisha gazeti lililojaa matangazo ya biashara hiyo. Miaka ishirini baadaye, 1972, yeye na mwenzake Clifford Mishler wakatoa katalogi ya sarafu za dunia nzima. Ilinenepa mwaka hadi mwaka hata ikabidi igawanywe kwa karne: kitabu cha karne ya 17 peke yake, cha 18 peke yake, hivyohivyo hadi ya 21.

Kila aina ya sarafu ikapewa namba yenye herufi K na M, za majina ya hao wawili. Leo mfanyabiashara wa Dubai na mwenzake wa Mombasa wakitajiana namba hiyo kwa simu, wote wawili wanajua wanazungumzia kitu gani bila kuonyeshana. Huo ndio ufundi hasa wa kitabu hiki, na kwa kweli unazidi bei zilizochapwa humo. Bei huzeeka upesi; tena iliyochapwa ni ya muuzaji, wala anayepeleka mkebe wake dukani asitarajie kulipwa hiyo.

Ukoo wa vitabu hivi ni mrefu. Mwaka 1517 huko Roma, Andrea Fulvio alitoa kitabu cha picha za watu mashuhuri wa kale, zilizochongwa kwenye mbao kwa kuigiza sarafu. Pale alipokosa sarafu ya mtu fulani, kama Cossutia, mwanamke anayehusishwa na ujana wa Julius Caesar, aliacha duara tupu lenye jina peke yake. Inafaa kumpongeza: wengi waliomfuata waliona ni afadhali kubuni sura kuliko kuchapa duara lisilo na kitu. Hata kamera ilipokuja, kazi haikuwa rahisi. Metali hung'aa, na mng'ao hufuta michoro katika picha. Kwa miaka mingi majumba ya makumbusho yalikwepa tatizo hilo kwa kukandamiza sarafu katika kitu laini, kumimina plasta, kisha kuipiga picha ile nakala nyeupe. Picha nyingi katika vitabu vya zamani ambazo msomaji anadhani ni za sarafu ni za plasta.

Kwa kitabu kama hiki mkononi, mkebe wa Kedowa unasomeka kwa mpangilio wa miaka. Reli ilifika ziwani Kisumu Desemba 1901. Ili kuteremka kutoka kilele cha Mau, mabonde yalivukwa kwa madaraja marefu ya chuma. Kampuni ya American Bridge ya Marekani ilijenga 27 katika reli ile. Wajenzi wengi walitoka India na mishahara yao ilikuwa rupia, kwa hiyo fedha ya kale kabisa katika mkebe yaweza kuwa rupia ya fedha ya India yenye sura ya Malkia Victoria. Zikafuata senti za alumini za 1907 na 1908, nyepesi kama karatasi, ambazo zilichakaa upesi hata serikali ikageukia mchanganyiko wa shaba na nikeli mwaka 1909. Mwaka 1920 rupia ikaondolewa, ikaja florini. Florini nayo haikumaliza hata miaka miwili. Shilingi ikaipokea, na sarafu nyingi za mwaka ule zikarudishwa na kuyeyushwa. Hapo ndipo mkusanyaji anapokodoa macho: sarafu ya 1920 inaweza kuwa adimu kuliko rupia iliyoitangulia kwa miaka arobaini.

Kampuni ya Brooke Bond ilipoanza kupanda chai Kericho katika miaka ya 1920, kodi ya kichwa na ya nyumba ilikuwa ikidaiwa kwa shilingi, na shilingi ilipatikana kwa kibarua. Shilingi ile ilikuwa na simba mbele ya milima, na kila gramu nne zake zilikuwa na moja ya fedha halisi. Baada ya Vita Kuu ya Pili hata hiyo robo ikaondolewa. Kwa jicho huoni tofauti kubwa. Kitabu kinakuelekeza uangalie mwaka. Kinakuonyesha pia herufi ndogo zilizofichwa chini ya michoro: H ni kiwanda cha Heaton mjini Birmingham, KN ni King's Norton, SA ni Pretoria, I ni Bombay. Peni mbili za mwaka mmoja zinaweza kutofautiana kwa herufi hiyo tu.

Kinachowachanganya wengi ni dhana kwamba kitu cha zamani lazima kiwe ghali. Sarafu ndogo ya shaba ya Kirumi yenye miaka 1,700 hupatikana kwa dola chache, kwa sababu Warumi walifua nyingi kupindukia na wakulima wa Ulaya bado wanazifukua. Pasipo kitabu, uvumi hujaza nafasi. Aprili 2009 ulienea Saudi Arabia uvumi kwamba cherehani za kale za Singer zina "zebaki nyekundu", kitu kilichodaiwa kuwa na thamani kubwa. Watu walizigombania sokoni kwa maelfu ya riyali, na ndani mlikuwa na vyuma vya cherehani. Tanzania kuna wanaochimba mashimo hadi leo wakitafuta rupia za Mjerumani.

Ajabu ni kwamba hadithi ya Mjerumani ina chembe ya ukweli. Katika Vita Kuu ya Kwanza, meli za Waingereza zilipoziba bahari, koloni la Wajerumani liliishiwa na fedha. Mwaka 1916, katika karakana ya reli ya Tabora, wakafua sarafu za shaba za heleri tano na ishirini. Halafu, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke, wakatengeneza sarafu ya rupia kumi na tano: ndovu ameinua mkonga, nyuma yake mlima. Zilitoka kama 16,000, kabla majeshi ya Wabelgiji hayajaingia mjini Septemba mwaka huo. Katalogi inazigawa katika aina mbili kwa jambo ambalo macho matupu hulipita: ncha ya pambo moja dogo imeishia chini ya herufi A au chini ya T ya neno OSTAFRIKA. Bei yake ni maelfu ya dola, na waghushi nao wanazo katalogi, wanazisoma kwa makini zaidi kuliko wanunuzi.

Hatari nyingine ni usafi. Mtu akipata sarafu nyeusi, mkono humwasha aisugue kwa majivu, ndimu au waya wa sufuria. Inang'aa, naam, na thamani imekwisha pale pale. Wakusanyaji hupanga bei kwa kiwango cha uchakavu, na wa Marekani hutumia mizani ya alama 70 iliyoanzishwa na William Sheldon mwaka 1949. Mikwaruzo ya waya haisamehewi katika mizani hiyo.

Vitabu hivi vina upofu wao pia. Vinapenda vitu vilivyotengenezwa kiwandani kwa maelfu, maana hivyo hupangika kwa namba. Kipande cha utambulisho kilichovaliwa shingoni ndani ya kikebe cha bati, ambacho baada ya Vita Kuu ya Kwanza kila mwanamume Mwafrika mtu mzima alilazimika kuwa nacho, hakina namba ya Krause. Sotet, kibuyu cha mursik (maziwa ya mgando) ambacho Wakipsigis, wenyeji wa Kericho, hukisafisha ndani kwa mkaa wa mti wa senetwet, hakina. Kwa mambo ya aina hiyo msomaji hurudi kwa Ian Orchardson, aliyeishi na Wakipsigis kwa miaka mingi na kuoa kwao, na ambaye maandishi yake yalitolewa kwa ufupisho mwaka 1961. Au kwa michoro ya Joy Adamson, aliyezunguka Kenya akichora watu wa makabila mbalimbali na mavazi na mapambo yao, na kuyatoa katika kitabu cha 1967. Adamson hakuweka bei ya kitu chochote. Vitabu hivyo vyenyewe sasa vina bei.

Kuhusu kipi ni cha kale, Sheria ya Kenya ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya mwaka 2006 imechora mpaka wake. Kitu cha kale ni kile kinachohamishika kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya 1895, mwaka Waingereza walipotangaza himaya yao, na hakitolewi nchini bila kibali. Milango iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki imeongezewa muda hadi 1946. Rupia ya kampuni ya Waingereza iliyofuliwa kwa ajili ya Mombasa mwaka 1888 imo ndani ya mpaka. Peni ya Edward iko nje kwa miaka arobaini na mmoja. Vitabu na nyaraka, hata viwe vya zamani kiasi gani, fasili hiyo ya kitu cha kale imevitoa kwa kuvitaja.