Njia ya Tabora Wakati wa Masika

Leo twapenda kueleza habari za njia ya kale ya misafara, itokayo Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo hata Tabora, kisha ikateremka Ujiji penye ziwa Tanganyika. Mwendo wake ni kama kilometa 1,200, na kwa miaka mingi watu waliupita kwa miguu.

Katika nchi za baridi, njia ya mlimani ipitikayo kwa urahisi wakati wa joto hufunikwa na theluji, na asiyejua majira huangamia humo. Tabora hakuna theluji, bali yako maji. Na kanuni ni ile ile, kwamba yampasa msafiri kuuliza majira kabla ya kuuliza umbali.

Mvua za Unyamwezi huanza karibu na Novemba, zikakoma karibu na Aprili. Penye miinuko pana msitu wa miombo na udongo wa kichanga, upitishao maji upesi. Mabondeni pana mbuga za udongo mweusi. Wakati wa kiangazi udongo huo hupasuka nyufa. Ukinyeshewa huvimba, nyufa zikafumba, na maji yasipate pa kushukia. Ndipo mbuga hugeuka ziwa la matope.

Kwa sababu hiyo Wanyamwezi, waliokuwa wapagazi mashuhuri, walipenda kuondoka kwenda pwani baada ya mavuno, na kurudi kabla ya mvua za kupandia. Wala hawakuweza kukawia mno, kwa kuwa mwisho wa kiangazi visima vya Mgunda Mkali, nyika iliyo kati ya Ugogo na Unyamwezi, vilikauka, na kiu iliua watu. Basi nafasi ilikuwa nyembamba: aliyechelewa alikutana na kiu mbele, na mafuriko nyuma yake.

Wageni walijifunza hayo kwa taabu. Burton na Speke waliondoka Tabora, iliyoitwa Kazeh, Desemba 1857, mvua zikinyesha. Iliwabidi kuuvuka mto Malagarasi kwa mitumbwi ya wenyeji, kwa malipo, nao hawakufika Ujiji mpaka Februari 1858. Mwaka 1871 Stanley aliupita uwanda wa Makata, karibu na Kilosa, wakati wa masika. Watu wake walitembea majini na matopeni, na yeye mwenyewe akaugua tumbo la kuhara.

Tuwafikirie hasa wapagazi. Mzigo wa mtu mmoja ulikaribia frasila 2, yaani kama kilo 32. Mwenye mzigo huo akiteleza matopeni hana mkono wa kujishikia. Nguo iliyolowa huondoa joto mwilini upesi, na mtu aliyechoka, mwenye njaa, akilala amelowa, huweza kuugua hata katika nchi ya joto. Katika jambo hili mpagazi wa mbugani na mpanda mlima wa thelujini wana adui mmoja.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914, hata misafara ikakoma. Lakini maji hayakuhama. Mafuriko ya Kilosa ya mwisho wa mwaka 2009 na mwanzo wa 2010 yaliibomoa hata reli yenyewe.

Kwa hiyo twamshauri kila atembeaye katika nchi hiyo wakati wa mvua: afuate miinuko ya miombo, ijapokuwa njia itazunguka, apime kina kwa fimbo, asivuke maji yaendayo kasi, hata yakiwa ya magoti, kwa maana huweza kumwangusha mtu mzima, na nguo moja kavu aihifadhi kwa usiku. Zaidi ya yote, akubali kungoja. Mto uliofurika leo huenda ukapungua kesho, na kupotewa na siku moja si hasara kama kupotewa na mtu.