Kuunganisha Vifaa kwa Bluetooth Penye Msongamano wa Watu

Katika maduka na vibanda vingi vya Tunduma, simu ya mwenye duka huunganishwa na spika, au na printa ndogo ya risiti, kwa njia ya Bluetooth. Mawimbi ya vifaa vya aina hii hufika takribani mita 10, na ukuta wa mbao hauyazuii. Katika eneo kama la stendi au kandokando ya barabara iendayo forodhani, ndani ya mita hizo 10 huweza kuwamo printa tatu zenye jina lilelile. Anayebonyeza jina la kwanza aonalo, kisha akakubali kila ombi, huenda akakabidhi majina na namba za wateja wake kwa kifaa cha mtu mwingine.

Vifaa viwili visivyofahamiana hulazimika kwanza kukubaliana ufunguo wa siri. Vifaa vya zamani hutumia 0000 au 1234, namba ambazo kila mtu anazijua. Toleo la Bluetooth la mwaka 2007 lilileta utaratibu bora: tarakimu sita huonekana kwenye vioo vyote viwili, na mtumiaji huthibitisha kwamba zinafanana. Lakini spika haina kioo.

Ili kuziba pengo hilo, watafiti wamegeukia mazingira. Mwaka 2007 ulichapishwa utafiti wa kuvitikisa vifaa viwili kwa pamoja katika mkono mmoja, hata mtikisiko wenyewe ukawa siri yao. Mwaka 2015, watafiti wa Zurich, nchini Uswisi, walionyesha kwamba simu na kompyuta zinaweza kunasa sauti za mahali zilipo kwa sekunde chache na kuzilinganisha. Zikifanana, vifaa viko pamoja.

Kelele za Tunduma, kwa mara moja, zingekuwa na manufaa. Honi za malori na sauti za wapiga debe hazijirudii kwa namna ileile, hivyo aliye mbali hawezi kuzibahatisha. Usiku wa kimya haufai, kwa kuwa vyumba viwili vilivyo kimya hufanana. Na nyumba mbili zinazosikiliza redio moja huweza kudhaniwa kuwa chumba kimoja. Aidha, mtu aliyesimama mlangoni mwa kibanda husikia yaleyale anayoyasikia mwenye kibanda. Mazingira huthibitisha ukaribu, si uaminifu.

Kwa kuwa simu nyingi zilizopo mikononi mwa wakazi bado hazitumii njia hizo, jicho la mwenye simu ndilo mlinzi. Inashauriwa kuunganisha kifaa kipya nyumbani kabla ya kukipeleka sokoni, kulinganisha tarakimu zote sita pale zinapoonekana, na kukataa ombi la kusoma majina ya simu, kwa sababu printa haiyahitaji. Kuingia katika kifaa cha mwingine bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Anayeuza spika au printa aliyoitumia afute kwanza miunganisho yote iliyohifadhiwa ndani yake, na kwenye simu yake aondoe jina la kifaa hicho.