Mishipa Yenye Kasoro Katika Ubongo

Katika miteremko ya Mlima Meru, juu ya Kimandolu iliyo upande wa mashariki wa jiji la Arusha, wakulima wamezoea tangu zamani kugawa maji kwa mifereji. Maji hutoka kijitoni, huingia katika mfereji mkubwa, kisha hugawanywa katika mifereji midogo midogo mpaka yafike penye shina la mgomba. Kadiri yanavyogawanyika ndivyo kasi yake inavyopungua, na udongo hupata nafasi ya kuyanywa. Mfereji mkubwa ukibomoka, maji yakakimbilia bondeni moja kwa moja, hasara huwa ya namna mbili: shamba hukosa maji, na kingo za chini, zisizozoea kasi hiyo, humomonyoka.

Damu katika ubongo wa binadamu hupita kwa utaratibu unaofanana na huo. Ubongo una uzito wa kiasi cha asilimia 2 tu ya mwili mzima, lakini hupokea karibu asilimia 15 ya damu inayosukumwa na moyo wakati mtu amepumzika. Damu hiyo hufika kwa ateri, ambazo zina kuta imara. Hupita katika kapilari, ambazo ni nyembamba kuliko unywele. Kisha hurudi kwa vena, ambazo kuta zake ni dhaifu.

Aina tatu za kasoro

Kwa watu wachache, kapilari hazipo mahali fulani katika ubongo. Hapo ateri huungana na vena moja kwa moja na kufanya fundo la mishipa iliyosokotana. Damu yenye shinikizo kubwa huingia katika vena isiyoweza kuistahimili. Hali hii ni adimu: kwa kila watu 100,000, ni mtu mmoja hivi anayegunduliwa nayo kwa mwaka. Katika kila wagonjwa 100 wasiotibiwa, 2 hadi 4 huvuja damu ubongoni kila mwaka, na fundo lililokwisha kuvuja mara moja lina hatari kubwa zaidi. Aghalabu huwapata vijana na watu wa makamo. Dalili ya kwanza yaweza kuwa kifafa kwa mtu ambaye hakuwa nacho kamwe.

Kasoro ya pili huitwa aneurisimu. Ukuta wa ateri hudhoofika mahali pamoja na kutuna kama puto. Aghalabu haitokani na kuzaliwa, bali hujitokeza kwa miaka mingi, na uvutaji wa tumbaku pamoja na shinikizo la damu huiongezea nguvu. Watu wazima wapatao 3 katika kila 100 wanayo, na walio wengi huishi mpaka uzeeni bila kujua. Ikipasuka, mgonjwa hupatwa ghafla na maumivu ya kichwa ambayo hajapata kuyaona maishani mwake. Hutapika, shingo hukakamaa, na pengine huzimia.

Kasoro ya tatu inahusu Tanzania kwa namna ya pekee. Kila mwaka, kwa makadirio, watoto wapatao 11,000 huzaliwa nchini wakiwa na ugonjwa wa selimundu. Kwa baadhi yao ateri kubwa zilizo chini ya ubongo husinyaa polepole, na vimishipa dhaifu huota pembeni ili kuziba pengo. Wataalamu wa Japani waliiita hali hiyo moyamoya mwaka 1969, kwa sababu katika picha ya eksirei vimishipa hivyo huonekana kama moshi unaofuka. Watoto hao waweza kupata kiharusi kabla hata ya kuanza shule.

Hata hivyo, katika selimundu hatari yaweza kuonekana mapema. Mashine ya mawimbi ya sauti hupima kasi ya damu kupitia mfupa wa kichwa. Damu ikienda kasi mno, ni ishara kwamba mshipa umesinyaa. Uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 1998 ulionyesha kwamba kuwaongezea damu watoto wa namna hiyo mara kwa mara kulipunguza viharusi kwa zaidi ya asilimia 90. Huko Mwanza, katika Hospitali ya Bugando, watafiti wamewapa watoto dawa ya haidroksiyurea na kuona kasi hiyo ikishuka.

Jina moja, vyanzo vingi

Barabara kuu inayopita Kimandolu kwenda Moshi hukatiza Wilaya ya Hai. Huko, pamoja na Dar es Salaam, watafiti waliwahesabu wagonjwa wapya wa kiharusi kuanzia mwaka 2003 hadi 2006. Baada ya kusawazisha tofauti za umri, Hai ilikuwa na wagonjwa wapatao 109 kwa mwaka katika kila watu 100,000, na Dar es Salaam 316. Chanzo kikuu cha kiharusi ni shinikizo la damu lisilotibiwa, wala si kasoro adimu zilizoelezwa hapa.

Lakini kiharusi ni jina la tokeo tu. Mdomo huenda upande na mkono hulegea, mshipa uwe umeziba au umepasuka. Aspirini, ambayo humfaa mtu aliyezibwa mshipa, yaweza kumdhuru yule anayevuja damu. Kwa macho matupu hata daktari hawezi kuwa na hakika.

Njia ya kuona ndani ilianza mwaka 1927, Egas Moniz wa Ureno alipopiga picha ya mishipa ya ubongo wa mtu aliye hai. Mwaka 1971 mgonjwa wa kwanza alichunguzwa kwa mashine ya CT jijini London. Mwaka huo huo Hospitali ya KCMC ilifunguliwa Moshi, kilomita 80 hivi kutoka Arusha. Mashine ya CT huonyesha kwa dakika chache kama damu imevuja. Hata hivyo, si kila kasoro inayoonekana hupasuliwa. Uchunguzi mkubwa wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba, kwa mafundo ambayo hayajavuja, wagonjwa waliopewa dawa tu walipata viharusi na vifo vichache katika miaka ya mwanzo kuliko waliofanyiwa matibabu ya kuondoa fundo.

Uchunguzi mwingine, uliochapishwa mwaka 2008, uligundua kwamba wakazi wengi wa Dar es Salaam walihusisha kiharusi na majini au uchawi na kwenda kwanza kwa waganga, ilhali watu wa Hai walitangulia hospitalini. Saa zinazopotea hivyo hazirudi. Inafaa jamaa wa mgonjwa wakumbuke saa dalili zilipoanza, wasimpe aspirini nyumbani, na wamweleze daktari kama maumivu yalikuja ghafla, kama mgonjwa ana kifafa au selimundu, na umri wake. Kwa walio wazima, kupima shinikizo la damu katika kituo cha afya ni kazi ya dakika chache.